Bashraf ya Mlango wa Uani

Katibu wetu akiimba, ungetamani bora akupige. Sisemi kwa kumvunjia heshima. Mwenyewe alikuwa akilisema hilo na kulicheka kuliko sisi. Kwenye maulidi, watu wakisimama, waliokuwa karibu naye walijisogeza polepole, huyu hatua, yule nusu hatua, mpaka ukamwona kabaki peke yake katikati ya mkeka, kafumba macho, anavuta sauti ambayo haikuwa juu wala haikuwa chini. Ilikuwa kando.

"Mungu kanipa masikio mawili mazuri," akisema, "ila ufunguo kabaki nao mwenyewe."

Na mtu huyo ndiye aliyekuwa katibu wa klabu yetu ya taarabu, juu ghorofani pale Mkunazini, miaka yote niliyoijua klabu. Udi hajui unashikwa wapi. Fidla akipewa aibebe aliibeba kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa watu. Jina lake wanalijua waliokuwepo Unguja miaka ile ya hamsini, na wasiokuwepo halitawasaidia kitu. Sisi tulimwita Katibu. Mkewe alimwita Katibu. Hata muuza kahawa wa pembeni, asiyejua klabu ina kazi gani, alimwita Katibu.

Kutwa alikuwa karani bandarini. Meli zote alizijua, inatoka wapi, inakwenda wapi, na nani yumo ndani yake. Akisikia kuna mpiga ganuni wa Misri anapita, au fundi wa fidla kutoka Bombei, basi huyo hapiti tena. Katibu atamfuata mpaka chini ya ngazi ya meli, amwamkie kwa Kiarabu cha kuchanganya na adabu nyingi, amkamate mkono. Wiki ngapi? Mbili? Haitoshi, kaa sita. Utalala kwangu, utakula kwangu, vijana wetu utawafunza. Wengine walikubali kwa sababu walichoka na bahari, wengine kwa sababu ya halwa. Mmoja alikubali, nnavyodhani, kwa sababu hakujua namna ya kuutoa mkono wake.

Hilo ndilo tulilokuwa tukiliita darasa la wageni. Katibu akishampata mwalimu alipeleka habari Pemba, Lamu, Mombasa, mpaka Ngazija, na vijana wakaja na vyombo vyao vimefungwa kwa vitambaa. Nyumba yake ya Kikwajuni ikajaa mikeka. Mkewe alipika kwenye sufuria ya arusi, na ukimuuliza, "Bi Mkubwa, huchoki?" anakujibu, "Nimeolewa na klabu, mwanangu, tena bila ya mahari."

Lakini jambo lililokuwa likituchekesha ni hili: mtu huyu aliyewapeleka wenzake ng'ambo za bahari, mwenyewe aliiogopa bahari kupita kiasi. Pemba hajafika. Kisiwa kile unachokiona ukikaa Forodhani, hajafika. Kazi yake bandarini, na bado mashua ikiyumba kidogo tu huku yeye yuko nchi kavu, anashika nguzo. Tukimtania, anasema, "Kila mtu na kazi yake. Nyinyi kazi yenu kupanda, yangu kukupandisheni."

Walimu walitufunza nota, na makamu, zile njia za sauti za Kiarabu, na vidole. Katibu alitufunza yaliyobaki, na yaliyobaki yalikuwa mengi. Alitufunza kufika. "Muziki si kazi," akisema. "Kazi ni kufika." Ukichelewa mazoezini hakugombezi; anakuvulia kofia na kukupa kiti chake, mbele ya watu wote, kama uliyekuja kuposa. Nani atachelewa tena? Alitufunza kukataa arusi mbili za siku moja, kusafisha viatu, kutoongea na waimbaji wa kike wa watu kwa macho, na kula kabla ya kupiga. "Mpigaji mwenye njaa hapigi. Anagonga."

Na mazoezini alikuwa na mahali pake. Hakukaa mbele wala nyuma. Alikaa ubavuni, anapoweza kuiona mikono. Tukimaliza hakuwahi kusema wimbo mzuri au mbaya. Alisema, "Leo mkono wako umetulia." Au, "Wewe leo una jambo, bega limepanda." Na kweli, bega likipanda kuna jambo. Mimi niliona ule ndio ubingwa wa kusikiliza.

Sasa nikwambie juu ya majina, maana hapo ndipo palipotokea balaa.

Sisi watu wa Unguja wimbo kwetu hauwi wimbo tu. Mtu akitaka kumsema jirani yake hamsemi. Atavaa kanga yenye maneno, au atamwendea mtungaji amtungie, kisha siku ya siku wimbo unaimbwa na watu wote wanageuza shingo kumtafuta anayesemwa. Na anayesemwa, kama ana moyo, anainuka na zawadi kumtunza mwimbaji, ati kuonyesha hakuumia. Kwa hivyo mtungaji mwenye akili hajitaji. Wimbo ni wa aliyeuimba, au wa aliyeutungisha. Mwenyewe yuko nyumbani kajilalia.

Katibu hili lilimuudhi. "Mnatunga mpaka mnazeeka, halafu watu wanasema nyimbo zimejiotea kama mchicha!" Akaweka sharti: kila kijana wa darasa asimame, aseme, hii nimeitunga mimi, fulani bin fulani. Wee! Ungedhani katuambia tuvue nguo. Alisimama kijana mmoja wa Lamu, mpigaji udi hodari, akainamisha kichwa.

"Hii... imetungwa."

"Na nani?" Katibu akauliza.

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa Lamu."

"Yuko wapi?"

"Yupo yupo tu."

Tulicheka mpaka tukalala. Katibu hakucheka. Alimchukua yule kijana mpaka barazani, akamwambia ataje jina lake na kazi yake kwa kila apitaye, mpaka haya imtoke. Wa kwanza kupita alikuwa muuza kahawa. Kijana akajikaza: "Mimi ni fulani bin fulani, mtungaji." Muuza kahawa akamtazama, akasema, "Na mimi muuza kahawa. Nikutilie?"

Mwaka nnaousema mimi, alikuja ustadhi wa fidla kutoka Misri, mtu mnene, mpole, wa tarbushi nyekundu. Alikaa nasi wiki nyingi. Siku moja akatwambia kwamba akirejea atamchukua kijana mmoja, amweke kwa wanamuziki wa kwao miaka miwili, arudi akiwa mtu wa kuishi kwa mkono wake. Atamchukua atakayemtungia bashraf, yaani ule muziki usio na maneno tunaoufungulia taarabu kabla ya waimbaji, na ipigwe hadharani kwa jina la bashraf yenyewe na jina la mtungaji.

Niliitaka nafasi ile. Sijapata kutaka kitu kama nilivyoitaka. Nilikuwa karani wa duka la vitambaa, na kila nilipopima doti nilikuwa napima uhai wangu. Baba yangu, msimamizi wa shamba Kizimbani, mtu wa maneno machache, nilimbembeleza mpaka akasema, "Haya. Ukichaguliwa, nenda." Nikakaa uani kwa shangazi yangu, nilikokuwa nikiishi, nikatunga. Ustadhi akaisikiliza, akanibusu paji la uso. Ilikuwa ndiyo.

Katibu akachukua chaki kuandika tangazo kwenye ubao wa mlangoni.

"Inaitwaje?"

"Haina jina, Katibu."

"Kila mtoto ana jina. Ulitungia wapi?"

"Uani kwa shangazi. Karibu na mlango."

Akaandika, kwa hati yake nzuri ya ofisini: jina langu, jina la baba yangu, na chini yake, *Mlango wa Uani*. Akarudi nyuma akautazama ubao, amefurahi. Nami nikafurahi. Wapumbavu wawili!

Maana mlango wa uani, kwa mji wetu, si mlango. Mgeni wa heshima hupita mbele. Anayepita uani anajua mwenyewe kwa nini anapita uani. Na kichochoroni kwetu, kumkabili shangazi, akikaa Bi Salama, mwanamke aliyeachika, mzuri, mwenye marashi yake na msemo wake, na watu walikuwa wamekwisha kusemasema juu ya mlango wake. Ilipoadhiniwa adhuhuri mji mzima umeshajua bashraf inamsema nani. Ilipoadhiniwa alasiri mambo yameharibika zaidi, kwa sababu Bi Salama hakuwa peke yake mwenye mlango wa uani. Kila mwenye wake aliona anasemwa yeye. Mzee mmoja wa Malindi alipanda ngazi za klabu na bakora, anauliza tumejuaje.

Baba alikuja kutoka Kizimbani kwa gari la shamba, na vumbi lake mwilini. Hakukaa.

"Nilikuruhusu kupiga fidla," akasema. "Sikukuruhusu kutukana nyumba za watu."

"Baba, haina hata neno moja!"

"Ndiyo mbaya zaidi. Maneno mtu angeyajibu."

Akasema Misri siendi. Na wazee wa kamati wakasema jina lifutwe, bashraf ipigwe bila ya jina wala ya mtu. Ustadhi, masikini, hakufahamu lolote. Akauliza kwa Kiarabu chake kilichonyooka, kwani nyumba za hapa hazina milango ya nyuma? Lakini sharti lake ni lile lile. Muziki usio na jina na mwenyewe hakuutaka.

Mimi nilijifungia chumbani kwa shangazi nikalia, tena kwa sauti. Katibu ndiye aliyekuja kunitoa. "Vaa kanzu. Twende kwa mwenyewe."

Tulikwenda watatu, yeye, mkewe na mimi na fidla yangu. Bi Salama alitufungulia mwenyewe.

"Karibuni, piteni. Afadhali mmekuja mbele. Ule wa uani siku hizi una wenyewe."

Katibu alikaa kwenye ncha ya kiti, kofia mkononi. "Bi Salama, nimekukosea."

"Wewe? Mie nimeambiwa kijana."

"Kijana katunga sauti. Jina nimelitia mimi. Nilimuuliza katungia wapi, akanambia uani, nikaandika. Wallahi sikufikiri zaidi ya hapo."

"Katibu. Umekaa mji huu umri wote huu, na hukufikiri zaidi ya hapo?"

"Sikufikiri, Bi."

Nadhani uso wake ndio uliomwokoa. Ulikuwa uso wa mtu asiye na uani hata kidogo. Bi Salama akatabasamu, akanigeukia. "Hebu basi nikisikie hicho kinachonisema."

Nikapiga. Alisikiliza kainamisha kichwa, akizungusha pete kidoleni, na mahali inapoteremka mwishoni nilimwona anafuta jicho kwa ncha ya mtandio. Kisha akajikohoza.

"Huu si mlango wangu," akasema. "Mlango wangu unalia kuliko huu."

Mkewe Katibu akacheka mpaka akajifunika kanga. Tukapumua sote. Katibu akasema basi, shukrani, kesho jina litafutwa. Bi Salama akakaa wima.

"Lifutwe? Thubutu! Mkilifuta ndo mtakuwa mmenisema kweli. Watu watasema, mwenyewe kaja juu, wamelifuta. Jina libaki pale pale."

Ikawa hivyo: kamati inataka jina lifutwe, Bi Salama anataka libaki, Ustadhi haondoki na mtu asiye na jina, na baba yangu haniachii kwenda mpaka aliyekosa ajulikane mbele za watu. Katibu alikwenda nyumba moja moja ya waliolalamika, akakaa barazani kwao akasema, jina nimelitia mimi, nisameheni. Wengine walimpa kahawa, wengine walimpa mgongo. Kisha akapanda klabu kwa wazee.

Nilikuwa ngazini, na mlango ulikuwa wazi. Mwenyekiti alisema, kwa upole, sisemi kwa ukali, "Yakhe, chagua. Jina litoke, au katibu aliyeliandika atoke." Katibu akajibu papo hapo. Alisema, "Mtoto aende Misri. Mimi ntakaa nyumbani." Nikasikia funguo za klabu zinawekwa mezani.

Nilimfuata mpaka njiani, nikamwambia, "Katibu, sitaki. Nitakaa dukani kwangu." Hapo ndipo alipokasirika, mara pekee niliyomwona. "Utakaa dukani? Mimi nimebeba viti miaka yote hii, nimewasikiliza nyinyi mkikwaruza nyuzi miaka yote hii, ili nimpate mmoja asimame aseme mimi kazi yangu hii. Mmoja! Sasa nimempata, ananambia anarudi kupima kanga!" Akaenda zake bila ya salamu. Kesho yake mkewe akaniletea mkate wa ufuta, akasema, "Huu wake, kaona haya kuja."

Bashraf ilipigwa Jumapili baada ya alasiri, uwanja umejaa kuliko arusi ya mwana wa tajiri. Walikuja wote wenye milango. Kabla hatujaanza, Katibu alisimama mbele, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakatika, akasema kwamba anayewataka radhi ni yeye, kwamba bashraf hii kaitunga kijana huyu, mwana wa fulani wa Kizimbani, na jina kalitia yeye kwa ujinga wake, na aliyeudhika amwudhikie yeye. Kisha akanionyesha mimi kwa mkono. Nikasimama. Nikasema, "Hii nimeitunga mimi," na jina langu, na jina la baba yangu. Sauti yangu ilitoka.

Tukapiga. Na katikati yake, wakati ambao hapajapata mtu kuinuka Unguja nzima, maana nani hutunza muziki usio na neno, Bi Salama akainuka kutoka safu ya mbele. Alikuja kwa mwendo wake ule, hana haraka, akaweka kikuba cha asumini juu ya goti langu, akageuka akawatazama watu, akarudi kukaa. Uwanja ukalipuka. Tangu siku ile sikusikia tena mtu akimtaja Bi Salama na mlango.

Baba alikuwa nyuma kabisa. Nilipomwendea akaniuliza, "Meli lini?"

Nilikaa Misri miaka miwili. Nilirudi nikakuta klabu ina katibu mwingine, kijana mzuri, anaimba vizuri, na darasa la wageni hakuna tena. Mimi nilikuwa na wanafunzi wangu, na watu wakiniita nije kupiga wakinitaja kwa jina, na duka la vitambaa nilikuwa nalipita kwa nje. Baada ya kumwamkia baba na shangazi nilikwenda moja kwa moja Kikwajuni.

Alikuwa kalala kwenye kitanda cha kamba, miguu imevimba, mwembamba usoni. "Shikamoo, Katibu." "Marahaba, marahaba! Umefika!" Akanishika mkono vile vile alivyokuwa akiwashika wale walimu. Aliniuliza habari za Ustadhi, za chakula, za viatu, kama nilikuwa nachelewa. Mkewe akatia kahawa. Nilitaka kumshukuru na sikuweza. Kila nikianza ananitolea neno jingine. Mwisho nikaona bora nifungue sanduku la fidla.

Nilikuwa nimeipiga *Mlango wa Uani* mbele ya mafundi wa Misri, na sikuwahi kuipiga kama nilivyoipiga alasiri ile chumbani mwake. Niliipiga nzima, polepole, bila ya kuiongeza kitu. Alitazama mikono yangu mpaka mwisho.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Mkono umetulia, mashallah. Sasa nipigie ile yako."

"Ipi, Katibu?"

"Ipi tena! Ile ya mlango. Ile iliyonitoa klabu."

Nilimtazama mkewe. Alikuwa anaangalia ndani ya kikombe, na hakuinua uso. Nikafahamu kwamba yeye anajua, na kajua siku zote. Mtu huyu hakupata katika maisha yake kuupambanua wimbo mmoja na mwingine. Viti vile vyote, mikeka ile, kuwashika watu mikono chini ya meli, na kunipigania mimi, kote huko alikuwa akitupenda sisi tu, maana hicho tulichokuwa tukikipiga hakikumfikia.

Nikaweka fidla begani, nikampigia ile ile tokea mwanzo.

Safari hii alifumba macho. Aligonga kitanda kwa vidole, kando kabisa na mapigo, na nilipomaliza machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni.

"Eeh," akasema. "Hii hii. Hii ningeijua hata usingizini."